Turbo zimekaa yadini miezi sita: nishushe bei au niongeze vikorombwezo?

*Swali: Nina yadi ndogo upande wa Nakawa, Kampala. Wish na Premio zinatoka ndani ya wiki tatu au nne. Lakini nina Subaru tatu za turbo zimekaa miezi sita: Forester XT ya 2012 ya umbo la zamani, Forester XT ya 2014, na WRX STI A-Line ya 2012 ya gia otomatiki. A-Line nimeishusha mara tatu, kutoka milioni 62 hadi 56. Watu wanakuja, wanawasha injini, wanapiga picha, wanaondoka. Rafiki yangu ananiambia nifunge rimu za inchi 18, ekzosi kubwa na redio ya Android. Dalali anasema nikate milioni 5 kwa kila gari. Vijana wote wanasema wanataka gari la mbio la bei nafuu. Mbona basi hawanunui?*

Ndugu yangu, umeuliza kama tatizo ni bei au ni vifaa. Kwa maelezo uliyotoa, bei ni sehemu ndogo ya tatizo kwa magari mawili, na sehemu kubwa kwa moja. Vifaa anavyovitaja rafiki yako vitakuumiza, isipokuwa kimoja.

Tuanze na hao wanaopiga picha. Usiwahesabu kama wateja walioshindwa bei. Uganda ina mashabiki wengi wa Subaru kuliko inavyo wanunuzi wa Subaru za turbo, na hilo ni zao la miaka mingi ya mbio za Pearl of Africa na jumapili za uwanja wa mbio wa Busiika. Shabiki atakuambia "punguza kidogo" hata ukitaja milioni 30, kwa sababu hakuja na pesa. Ukipanga bei kwa kufuata maneno yake utashuka mpaka chini ya gharama yako na bado hatanunua. Mtu wa kumsikiliza ni yule aliyerudi mara ya pili akiwa na fundi wake, kisha akaondoka. Huyo alikuwa na pesa. Kitu kimemtisha.

Kilichomtisha kinahesabika. Chukua mteja anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi ndani ya Kampala, na tuseme petroli ni shilingi 5,200 kwa lita. Premio ya injini ya lita 1.5 katika foleni zetu inampa kama kilomita 12 kwa lita, yaani lita 83 na takriban shilingi 433,000. Forester ya turbo akiipata kilomita 8 kwa lita ashukuru: hiyo ni lita 125, shilingi 650,000. Tofauti ni kama 217,000 kwa mwezi, milioni 2.6 kwa mwaka. Sasa angalia ushauri wa dalali. Milioni 5 unazokata leo mteja anazichoma kwenye tangi kabla ya miaka miwili kwisha, na hapo hajabadilisha tairi wala kumwaga oili. Huenda hajaiandika hesabu hii popote, lakini anaijua, maana ndugu yake mmoja ana Legacy ya turbo na kila Jumamosi anamwona kwa fundi.

Ndiyo maana kushusha bei ya gari la aina hii hakufanyi kazi kama kushusha bei ya Wish. Mnunuzi wa Wish anajua fika gari litamgharimu nini, kwa hiyo milioni moja chini inamtosha kuamua. Mnunuzi wa turbo hajui. Akiona bei imekatwa mara tatu ndani ya miezi sita, anajiuliza injini ina nini. Madalali wa Kampala wanakumbuka bei za wiki iliyopita, na A-Line yako sasa inatembea mjini na jina lake: ile iliyokwama.

Hilo halimaanishi kwamba bei si kitu. Kuna gharama ambayo wenye yadi wengi hawaiandiki, nayo ni pesa iliyolala. Kama A-Line imekula milioni 50 zako na mkopo wako ni wa asilimia 20 kwa mwaka, kila mwezi ikikaa inakula takriban shilingi 833,000. Miezi sita ni milioni 5. Ukijumlisha na milioni 6 ulizokwisha kukata, umepoteza karibu milioni 11, ilhali kama ungekata milioni 4 kwa mkupuo mmoja mwezi wa pili huenda gari lingeondoka. Kwa magari ya soko finyu, kata mara moja, kata kwa kiasi kinachoonekana, na ukate mapema. Laki tano leo na milioni mwezi ujao ni kujichimbia shimo.

Watengenezaji wenyewe wamepitia haya. Mwaka 2012 Toyota na Subaru walileta gari la pamoja, 86 na BRZ: injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, nguvu farasi 200, magurudumu ya nyuma yakisukuma. Marekani liliuzwa na Toyota kwa jina la Scion FR-S, likianzia chini kidogo ya dola 25,000, toleo moja tu, bila orodha ndefu ya nyongeza na bila kupatana bei. Wapenzi walilikimbilia, kisha mauzo yakashuka mwaka baada ya mwaka. Bei haikuwa imeharibika. Wapenzi wenye pesa walikuwa wamekwisha kununua, na waliobaki walitaka nguvu zaidi, au viti vya nyuma vinavyokalika. Kizazi kilichofuata kilipewa injini ya lita 2.4 yenye nguvu farasi 228. Soko la gari la mbio la bei nafuu lina kina kifupi, na wewe umeweka magari matatu ndani yake kwa wakati mmoja, yote ya kampuni moja.

Turudi kwa yule mteja aliyerudi mara ya pili na fundi wake. Kinachomfanya atoe pesa ni vitu vinavyompunguzia hofu, na vingi havionekani kwenye picha.

Cha kwanza ni injini kupimwa. Forester yako ya 2012 ina EJ20 ya turbo na A-Line ina EJ25 ya turbo, na injini hizi mbili zina sifa mbaya mtaani, nyingine ya kweli. Kwenye EJ25 ya turbo, pistoni huvunjika sehemu ile nyembamba kati ya ringi, hasa injini inapogonga, yaani petroli inapolipuka ndani kabla ya wakati wake, kwa sababu ya mafuta ya okteni ya chini au kuchezewa kwa presha ya turbo. Beringi za mikono ya pistoni nazo hufa pale oili inaposhuka bila mtu kuangalia. Mwite fundi mwenye geji ya kompresheni, yaani ya kupima jinsi kila silinda inavyokandamiza hewa, injini ikiwa ya moto, plagi zote nne nje, mafuta yamezimwa, pedali ya petroli imekanyagwa hadi chini. Usishtuke namba zikiwa chini kuliko zile za kitabu: Kampala iko mita 1,190 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza kompresheni ya injini yoyote kwa kiasi cha asilimia 10. Kinachoangaliwa ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikiwa ndani ya asilimia 10, andika kwenye karatasi, fundi aweke jina na tarehe, na karatasi ikae ndani ya gari. Silinda moja ikiachwa nyuma na wenzake, acha kila kitu kingine mpaka ujue kwa nini, maana hapo huna tatizo la mauzo, una tatizo la injini.

Cha pili ni mkanda wa taiming. Injini za EJ hubadilishwa mkanda karibu na kilomita 100,000, na mkanda ukikatika vali hugonga pistoni. Kama odometa iko 85,000 na hakuna kibandiko cha kuonyesha umebadilishwa, badilisha kabla ya kuuza, pamoja na tenshena, roli zake na pampu ya maji, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Mteja anayeambiwa "mkanda bado" anakata bei kwa kiasi kikubwa kuliko gharama yenyewe, kwa sababu anakisia. Forester ya 2014 haina mkanda, ina cheni. Liandike hilo kwenye tangazo kwa maneno wazi, kwa sababu wanunuzi wengi, na hata mafundi kadhaa, wanadhani Subaru zote ni sawa.

Tairi nazo. Subaru zako husukuma magurudumu yote manne muda wote, na tairi nne zikitofautiana mzingo, mfumo wa katikati unaogawa nguvu mbele na nyuma unafanya kazi ya kusawazisha bila kupumzika mpaka unaungua. Subaru inataka tofauti ya mzingo isizidi milimita 6 hivi. Kuweka tairi mbili mpya mbele na kuacha mbili kipara nyuma, jambo la kawaida kabisa yadini, ni kumwandalia mteja gharama. Fundi anayejua atalala chini aangalie tairi kabla ya kuangalia injini.

Halafu redio, na hapa rafiki yako amepatia nusu. Redio za Japani za miaka hiyo zimefungwa kushika FM ya megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko 88 hadi 108. Mteja anakaa ndani ya gari la milioni hamsini na kitu, anatafuta stesheni anayoisikiliza kila asubuhi, anakuta mlio wa upepo na maandishi ya Kijapani. Ni jambo dogo, lakini linamwambia kwamba gari halijawa lake. Redio ya Android ya wastani yenye kamera ya nyuma inalipa gharama yake. Ila ifungwe na fundi asiyekata waya za gari. Atumie soketi ya kuunganisha. Waya zilizokatwa na kufungwa selotepu chini ya dashibodi zinamkimbiza mteja makini kuliko redio mbovu.

Ekzosi kubwa ndiyo ya kuogopa hasa. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka, na kuna vali inayopitisha moshi pembeni ili presha isizidi. Ukifungua njia ya moshi kwa bomba pana kuanzia kwenye turbo, turbo inazunguka kwa wepesi kuliko ilivyopangwa, vali ile inashindwa kupitisha moshi wa kutosha, presha inapanda, na kompyuta ya gari inaendelea kumwaga mafuta kwa ramani ya zamani. Injini inagonga. Kwa hali hiyo EJ25 huweza kuvunja pistoni bila kutoa onyo. Hata ukiweka tu mofla ya nyuma yenye kelele, ambayo haidhuru injini, umewapunguza wanunuzi: mwenye familia anaondoka, ofisa wa benki anaondoka, na anayebaki ni kijana yule wa kupiga picha. Kuchezea gari ni haki ya anayelinunua, na atakulipa zaidi ukimpa likiwa safi.

Kuhusu rimu, kuna mtego mmoja. Forester zako zote mbili zina bolti tano za duara la milimita 100. A-Line ina duara la 114.3. Rimu za Forester haziingii kwenye A-Line wala za A-Line kwenye Forester, na muuzaji atakayekuambia "zinaingia tu na spesa", yaani kipande cha kuunganishia katikati, anamaliza stoku yake. Rimu za asili zikisafishwa na kupakwa rangi upya zinatosha. Zaidi ya hapo, tairi nyembamba kwenye matuta na mashimo yetu ni hasara ya mwezi wa kwanza.

Kuna jambo moja la faida ambalo wauzaji hawalitaji. Ule wepesi wa hewa unaoshusha kompresheni unaiba pia nguvu za injini isiyo na turbo, kama asilimia 10 hapa Kampala, na zaidi ukipanda Kabale. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuisukuma hewa ndani. Mteja anayesafiri kwenda Mbarara kila wiki na kupita malori anaelewa maana yake papo hapo. Mpe njia ndefu ya majaribio yenye mlima, mzunguko wa yadi hautamwonyesha kitu.

Sasa magari yako, moja moja.

Forester ya 2012 usiiguse bei. Ina urefu wa kutosha kutoka ardhini, ina buti, ina viti vya watu watano, na spea zake zinapatikana Kisekka na Ndeeba. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, kwa hiyo umbo hilo linafikia mwisho wa kuingia nchini. Kila mwaka zinazobaki zenye hali nzuri zitapungua. Pima injini, maliza suala la mkanda na redio, tangaza upya kwa picha mpya.

Ya 2014 tatizo lake ni jina unaloliuzia. Unaiweka kundi la magari ya mbio, ilhali ni gari la familia lenye nguvu farasi 280 zilizofichwa. Nafasi yake chini ni milimita 220. Mshindani wake ni Harrier, na anayeweza kununua Harrier ana umri na kipato tofauti na wapiga picha wako. Tangazo lianze na nafasi, urefu, cheni, kamera; turbo itajwe mstari wa tatu. Hofu ya wateja hapa ni gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Badilisha oili ya gia kwa ile inayokubaliwa na Subaru, weka risiti, wala usimwambie mteja kwamba oili hiyo ni ya maisha ya gari. Tairi za 225/55R18 si saizi ya kila duka. Zikiwa zimeisha, mteja atakata bei kwa ajili hiyo, kwa hiyo zihesabu mapema.

A-Line ndiyo ngumu. Iko chini, inakunywa mafuta, na injini yake ndiyo yenye hadithi mbaya kuliko zote tatu. Kuwa otomatiki ni faida mjini. Subaru walitengeneza toleo hilo wakiwalenga watu wasiotaka gia ya mkono. Ila anayeota STI kwa kawaida anaota ya gia ya mkono. Mnunuzi wake yupo, lakini ni mmoja kati ya wengi, na humpati kwa kusubiri barabarani. Iondoe kwenye matangazo wiki tatu, ipime, itengeneze kinachodaiwa, kisha irudishe kwa bei moja ya mwisho chini ya kizingiti ambacho watu huchuja mtandaoni: milioni 49.5 inaonekana na kila anayechuja hadi milioni 50, wakati 51 haionekani kabisa. Kama 49.5 iko chini ya gharama yako, linganisha hasara hiyo na 833,000 za kila mwezi kabla ya kukataa. Kubali pia kubadilishana na Wish au Premio kwa kuongezewa pesa. Utapata faida ndogo mara mbili, lakini Premio unajua itaondoka.

Kwa mzigo ujao, fikiria hivi. Ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya 18 inayokokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru huo, kodi ya zuio ya 6 na tozo ya miundombinu ya 1.5 vinafika kama asilimia 55 ya thamani ya forodha, kabla ya tozo ya mazingira kwa magari ya zamani na ada nyingine. URA, mamlaka ya mapato, kwa kawaida huangalia jedwali lake la thamani kwa modeli na mwaka, si uzuri wa gari lako. Maana yake gari la daraja 4.5 kwenye karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani na la daraja 3 yanaweza kulipiwa kodi inayolingana. Dola 400 za ziada ulizolipia gari safi zinabaki ndani ya gari, na zinarudi. Leta moja moja, daraja zuri, lenye karatasi yake ya mnada ya asili, na uepuke lenye alama R, ambayo ni gari lililorekebishwa baada ya ajali. Viwango vya kodi huweza kubadilika kila bajeti ya Juni, kwa hiyo mwombe wakala wako wa forodha hesabu ya maandishi kabla ya kutuma pesa Japani.

Kuna mambo mawili usiyamalize kwa ushauri wa maandishi. Kompresheni ikitofautiana, au injini ikigonga ikiwa baridi na mlio usipotee ikipata moto, mpelekee fundi anayefungua Subaru kila siku, na usiiuze kabla hajasema ni nini. Na mteja akikuomba kulipa kwa awamu, kama wengi wa turbo wanavyoomba, muone wakili aandike mkataba, kisha usajili haki yako juu ya gari kwenye rejista ya mali zinazohamishika ya URSB, ofisi ya serikali ya usajili, chini ya sheria ya 2019. Kubaki na kadi ya gari kwenye droo peke yake hakukulindi vya kutosha likishauzwa kwa mtu wa tatu.